Ngoma Iliyotolewa Juani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lela Twalib. Umri: miaka 36. Kazi: mshonaji nguo. Makao: Majengo, Pumwani, Nairobi.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Julai 1984, asubuhi, nilienda na jirani yangu Mbeti Muasya kutazama mahakama ya zamani iliyo karibu na Kaloleni. Jengo hilo lilikuwa gofu miaka mingi. Sasa limetengenezwa, na siku hiyo lilikuwa likifunguliwa kuwa makumbusho. Watu walijaa kama Idi. Nilipanda hadi kwenye kiti cha hakimu nikakaa, mpaka mlinzi, Nyongesa, akaniambia niteremke.

Katika chumba cha nyuma kuna vielelezo vya kesi za wakati wa mkoloni: mapanga, pingu, baiskeli. Mbeti alisimama mbele ya ngoma ndefu. Alinishika mkono nikahisi kucha zake. Karatasi iliyobandikwa ilisema mwenyewe hajulikani.

Akaniambia, "Lela, hii ni yangu."

Alinieleza kwamba alipokuwa msichana yeye na wenzake walikamatwa kwa kucheza kilumi, ngoma ya kwao Ukambani, bila kibali. Wao waliachiliwa, ngoma ikabaki kortini kama ushahidi. Alisema chini ya mdomo wa ngoma kuna mahali patasi ya babake iliteleza akiichonga. Niliinama nikatazama. Kweli, alama ipo.

Ngoma ilizungushiwa kamba tu, haikuwa ndani ya kioo. Mbeti aliipiga mara moja, ikatoa sauti butu kama ya gunia. Alisema ngozi imepoa, inataka jua. Akaibeba akatoka nayo. Nyongesa akaita mwizi, na mtu akakimbia kuwaita polisi.

Mimi nilikuwa nyuma ya Mbeti. Hakukimbia. Aliiweka kwenye ngazi za mbele, ngozi ikatazama jua, akaketi kando yake. Nyongesa alitaka kuichukua. Nilimsihi angoje polisi wafike, akakubali. Tukangoja sote, umati mzima, tukiitazama ngozi ikikauka.

Kisha Mbeti aliiweka katikati ya miguu akaanza kupiga. Afande, sijui nikuelezeje. Sauti ilinipita kifuani. Wanawake waliweka vikapu chini. Syombua anayeuza mboga aliingia kati akatetemesha mabega, wengine wakamfuata, na mimi nisiyejua kilumi nikawa ndani. Buibui langu lilianguka sikujua. Nyongesa alikuwa akifuatisha kwa kiatu, nilimwona. Polisi walitukuta hivyo.

Nimeulizwa kama Mbeti alikusudia kuiba. Hapana. Nilimsikia akimjibu askari aliyemkamata, "Nilitaka kusikia kama bado inasema."

Afande ameniambia nieleze taratibu bila kupiga meza. Nimejaribu. Nimesomewa niliyosema, nayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia.

Sahihi: Lela Twalib

Maandishi ya afisa: Nimeandika maelezo haya mimi, Koplo Mutisya. Msimamizi wa makumbusho, Bi. Wacuka, amefika kituoni kuondoa lalamiko. Amemwomba Mbeti awe akiwapigia wageni ngoma hiyo kila Jumamosi. Mbeti amejibu kwamba atafikiria, lakini leo ngoma inalala nyumbani kwake. Bi. Wacuka hakupinga. Nimemkabidhi Mbeti ngoma, ametoka nayo mgongoni.