Mama, Ulisema Sina au Nina?

Mama mpendwa,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, lakini mkono umezoea kuanza hivyo.

Unakumbuka tulivyokukarabatia chumba chako pale Msamala? Tulitoa magunia ya mahindi, tukaweka vigae sakafuni, jipsamu darini na madirisha ya vioo. Ukasema, "Mmenijengea benki. Sasa hata kikohozi changu kinanijibu." Tulicheka wote. Hatukujua kuwa yale magunia ndiyo yaliyokuwa yakimeza mwangwi.

Ulipozidiwa hukuweza tena kufika studio yangu ya Mfaranyaki, ile uliyoiita ghala la magodoro kwa sababu nimeyagongomea ukutani ili sauti isirudi. Nikakuletea maikrofoni kitandani. Mashine ikiwa imeshaanza kurekodi, kabla hujazungumza, nilipiga makofi, nipime chumba kinachukua muda gani kunyamaza. Wewe, macho yameshafifia, ukaitika, "Karibu, pita ndani!" Nikapiga tena. "Karibu, mbona huingii?" Kwenu kijijini makofi mlangoni ni hodi, na hukuwahi kuacha hodi bila jibu. Nikacheka, nikaacha kupima.

Ukazungumza. Habari za shamba, za wajukuu, ukasali kidogo. Mwishoni, sauti imeshuka kabisa, ukasema, "Mwambie dada yako …ina kinyongo naye." Mwanzo wa neno umezama kwenye mwangwi wa neno lililotangulia. Nilidhani nitalisikia vizuri studio. Wewe ukapitiwa na usingizi, na hukuzungumza tena mpaka tulipokuzika.

Dada, ambaye unajua alivyoolewa Nakapanya bila baraka yako, hupiga simu kila mara. "Mdogo wangu, mama alisema sina au nina?"

Nimehangaika na kompyuta, Mama. Nikipunguza mwangwi kidogo, neno halitoki. Nikizidisha, unakuwa kama mtu anayeongea ndani ya debe, na ile herufi ya mwanzo inaondoka pamoja na mwangwi. Nikasema labda nikikijua chumba vizuri nitaweza kukitoa kwenye sauti yako. Wiki iliyopita nilirudi Msamala, nikasimama pale pale, nikapiga makofi. Safari hii nilipata mwangwi safi, kwa sababu hakuna aliyesema karibu. Nililia, Mama, mtu mzima nimekaa kwenye vigae. Na mwangwi huo haukusaidia kitu. Kitanda, kabati na kanga zako vimeshagawiwa ndugu, kwa hiyo chumba nilichopima si kile ulimozungumza. Kile hakipo tena.

Jana nilimwambia dada kuwa sisikii.

"Hata kukisia?"

"Hata kukisia, dada."

Kisha akasema, "Basi alisema nina. Ningekuwa mimi ndiye mama, ningesema nina." Nikamwambia asiseme hivyo, hatujui. Akaniambia nilale salama, akakata.

Sidhani kama atapiga tena. Sidhani kama kuna mashine itakayokuja kuniambia ulichosema, na nimechoka kujidanganya. Katika rekodi nzima, neno linalosikika bila kusafishwa ni "karibu." Nilitaka kumkatia dada kipande hicho nimtumie. Lakini ulikuwa unanikaribisha mimi, niliyekuwa tayari ndani.

Kwaheri, Mama.

Kitindamimba wako