Pipa la Fermín

Puri mwenzangu, usinipigie, sauti haitoki. Soma tu.

Xiana amemwaga mvinyo wa marehemu Fermín wangu. Wote, Puri. PIPA ZIMA.

Nimeshuka pangoni, kwenye ghala letu la mvinyo, kuchukua viazi, namkuta mkaza mwanangu ameshika mpira wa maji, anasuuza sakafu huku anaimba. "Mama, nimekuokoa na aibu! Ule mweupe ulishaharibika. Rangi kama chai, unanuka karanga kuukuu!"

Rangi kama chai! Miaka minane ndani ya pipa la mti wa mwaloni, alitaka uwe na rangi gani, ya maji? Lakini kwao Galicia mvinyo mweupe hunywewa ungali mchanga, unang'ata ulimi. Nani alimfundisha kwamba huku kwetu tunauzeesha? Hata mimi sikumwambia.

Basi nikamtegea kitendawili, unanijua, hata msibani nitatega: "Aliingia mweupe, akatoka dhahabu." Nikamwambia, "Ndio huo uliomwaga, mwanangu. Baba mkwe wako aliuweka kwa harusi ya mjukuu wake Leire. Jumamosi hii."

Puri, alikaa palepale kwenye maji. Palepale!

Akakinga kidole kwenye bomba la pipa, tone la mwisho, akaonja. Machozi yakamtoka. "Mama, mvinyo huu una ladha ya lozi. Una mkate wa kuchoma. Una asali, na wala si mtamu. Aliufanyaje?"

Aliufanyaje! Nimjibu nini, Puri? Mwenye jibu tumeshamzika. Na mimi nilikuwa naingoja Jumamosi nimsikie tena kwenye ulimi.