Radhi Niliyopewa Jukwaani

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, na naomba zikukute mzima wa mwili na wa moyo. Sisi hatujambo. Magoti ya mama yanalalamika kila asubuhi, ila mdomo wake, ashukuriwe Mungu, hauna ugonjwa wowote. Mimi nimenenepa, usicheke. Habari zako tunaziokoteza, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na nimechoka kuokoteza. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unakikumbuka kiwanda cha sabuni alichofanyia kazi marehemu baba? Sasa ni jumba la sanaa la mtaa. Wamepaka rangi, wamevuta umeme, lakini mvua ikinyesha kuta bado zinanukia sabuni. Chumba cha mizani kimejaa picha za watu wetu: wapakizi wa mizigo, akina mama kwenye foleni ya bomba, na baba yupo, kakunja uso utadhani mpiga picha kamkanyaga. Vinyago vya kinyozi wetu, ambaye hakuna aliyejua kuwa anachonga, vimepewa meza yao. Mtaa ule tuliouona si lolote si chochote, leo watu wanatoka mbali kuja kuutazama.

Anayeliendesha jumba ni mwalimu wetu wa zamani, yule tuliyemwita Kengele kwa sauti yake. Alitangaza kwamba kila Jumamosi alasiri kutakuwa na mchezo wa historia ya mtaa, na wachezaji tuwe sisi wenyewe. Visa vikakusanywa nyumba kwa nyumba. Sasa jirani yetu Mama Redio, si unamjua, haulizwi akanyamaza. Akasimulia jinsi kiwanda kilivyofungwa, ukafunga mzigo ukatafute kazi, na mama akasimama mlangoni akakuambia ukivuka kizingiti kile usihesabu kuwa una mama, na radhi yake hutaipata. Kengele akasema hicho ni kisa cha mtaa mzima, maana hakuna nyumba isiyoondokewa na mtu. Kisha akanitazama, akasema mimi na wewe tumefanana mabega, basi nikuigize.

Nilikataa, halafu nikakubali. Nisikufiche, nilikubali kwa hamu ya kukuona. Nilijiambia angalau Jumamosi nitatembea kama wewe, nitacheka kile kicheko chako cha kukohoakohoa. Mama wa mchezoni akawa Mama Redio mwenyewe. Mama yetu sikumwambia kitu.

Loo! Mtaa una siri gani? Siku ya kwanza tu nikamwona mama amekaa mbele kabisa, mkoba mapajani. Nilipoingia tu, akapaza sauti kwamba mwanawe hatembei hivyo, mwanawe hutanguliza bega. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jumamosi iliyofuata akasema kitambaa kile wewe usingekifunga hata ungekuwa mahututi. Halafu siku nyingine akamkemea Mama Redio, akasema yeye hakupiga kelele siku ile, alisema polepole, na ndiyo maana iliuma. Hapo hakucheka mtu. Nyumbani hakugusia neno. Kazi yake kuniuliza kama nimefunga banda la kuku.

Sasa sikia ya Jumamosi iliyopita. Tumefika pale mlangoni, nimebeba mzigo wako, Mama Redio kafungua kinywa aseme maneno yale, mama yetu akainuka. Akapanda jukwaani na magoti yake hayohayo, akamwambia Mama Redio ampishe, akasimama yeye. Nilidhani anakuja kuuvunja mchezo. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniita jina lako. Akasema nenda mwanangu, nimekuridhia, maziwa niliyokunyonyesha ni halali yako. Akasema siku ile alikuwa na hofu, akaivalisha hasira. Akasema popote ulipo, uugue, ufurahi, uzae, yeye ni mama yako. Kengele, na sauti yake yote, alibaki anafuta miwani.

Mimi nililia, na watu wakanisifu kwamba nimeigiza vizuri. Sikuwa naigiza. Dada, maneno yale mimi sijawahi kuambiwa. Ni mimi niliyebaki, ninayemkanda magoti na kumchotea maji, na siku mama alipoufungua moyo wake aliufungua kwa jina lako, mikono yake iko kichwani kwangu. Nilikuonea wivu, nusura nisikuandikie. Nilitaka nikae na radhi ile kidogo, nijue inavyokaa mwilini. Nimekaa nayo, imenishinda. Si yangu.

Njoo uichukue. Kengele nimemwambia simchezi tena dada yangu, atafute mwingine. Mama hajui kwamba nakuandikia, na ukimuuliza habari za jukwaani atakana mchana kweupe, lakini jana nilimkuta anaanika godoro lako juani.

Wasalimie wote unaoishi nao, na kama kuna watoto, waambie wana mama mdogo huku, mnene kidogo. Na ukishaipokea yako, dada, nisemee na mimi kwa mama. Wewe hukuwahi kumwogopa.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda Mimba