Njia Tambarare ya Mume Wangu

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, na ukitaka kunigombeza nigombeze, ila usiitupe barua hii kwa kuwa haina mwanamke wa nje. Afadhali angekuwapo mwanamke wa nje, ningejua pa kuanzia.

Mimi na mume wangu tuko kwenye klabu ya baiskeli ya watu wazima, watu wa maofisini na wenye maduka, wengi wetu tuna vitambi na magoti yanayolia, kila Jumamosi asubuhi tunaendesha mpaka daraja la reli na kurudi, na mume wangu ndiye kiongozi, wote wanamwita Kapteni, hata fundi bomba akija nyumbani anauliza Kapteni yupo. Mwaka huu klabu iliamua kuvuka mpaka, kwenda kuendesha nchi ya jirani, kundi zima, tukilala nyumba za wageni njiani, na kwa kuwa hakuna kati yetu anayeijua njia hiyo ikakubaliwa Kapteni atangulie peke yake na baiskeli yake akaikague, aone lami ilivyo, wapi pana maji, wapi pana milima. Klabu yetu ina sheria ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeitunga, kwamba njia ya kundi hukaguliwa kwa baiskeli, si kwa gari wala kwa ramani ya simu, kwa sababu pale mkaguzi anapochoka ndipo na wenzake watakapochoka.

Kabla hajaondoka nilimfungia matairi mapya mimi mwenyewe, uani, yeye akipanga nguo. Labda hujui, mshauri, tairi jipya la baiskeli huja na vinyweleo vya mpira, vidogo kama ndevu za kijana, na ukipiga safari moja ya maana kwenye lami vile vya katikati vyote vinaliwa. Basi akarudi, pua imeungua na jua, akakusanya watu sebuleni kwetu, akasema neno ambalo tangu siku hiyo limekuwa wimbo wa klabu: tambarare. Njia yote tambarare, jamani, kama meza. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaenda uani kuiosha baiskeli, nikazungusha gurudumu, vinyweleo vyote vipo. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka sabuni ikanikaukia mikononi.

Nilimwuliza kesho yake akinyoa ndevu. Kwanza akasema matairi yanatofautiana, halafu akasema mimi nina macho ya polisi, halafu akakaa ukingoni mwa kitanda na povu shavuni akaniambia kweli. Goti lilimgomea siku ya kwanza, ameshuka tu basi, hata mji wa mpakani hajaumaliza. Akaiacha baiskeli nyumba ya wageni, akakodi teksi, akaikagua njia akiwa kiti cha nyuma, vioo vimefungwa. Nikamwambia, sasa umejuaje kama ni tambarare? Akasema, na hili mshauri lisome taratibu, akasema alikuwa anasikiliza gia, kwamba penye mlima dereva lazima arudi gia ya chini, na dereva yule hakugusa gia njia nzima. Nikamwuliza, gari lilikuwa la otomatiki?

Akajifuta povu. "Sikuangalia," akasema.

Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikampigia simu mama mwenye nyumba ya wageni ya mwisho tutakayolala, tukaongea kwa lugha ya kuokoteza, nikamwambia tunakuja na baiskeli, akauliza baiskeli au pikipiki, nikasema baiskeli, akacheka yeye sasa, akasema huku kwetu malori yenyewe husimama kupoza injini kabla ya kupanda.

Haya yote ningeweza kuyameza, maana watu wenye vitambi wakisukuma baiskeli mlimani kwa matusi watafika tu. Tatizo ni dada yangu. Dada yangu mkubwa, aliyenilea mama yetu alipofariki, tangu afiwe na mumewe alikuwa hatoki, mapazia yamefungwa mchana kutwa, na moyo wake si mzima, daktari alimruhusu baiskeli kwa masharti, aende polepole, mahali pa sawasawa, kilima hapana. Mimi tangu mwanzo nilimwambia safari hii si yako, tukakosana, akaniita mwenye wivu, akakaa muda bila kunipigia simu. Kapteni ndiye aliyemfuata mpaka kwake akamwambia shemeji, njia ni tambarare, hata ukisinzia baiskeli inakwenda yenyewe. Sasa ungemwona, mshauri. Amepata pasipoti, anawaonyesha majirani ile picha aliyokunja uso. Amenunua koti linalong'aa, analivaa mpaka sokoni. Anacheka, na nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo. Ananiambia mumeo ndiye kaka ambaye mama hakunizalia.

Nikimwambia, atasema ni wivu wangu uleule. Nimemwomba mume wangu aseme mwenyewe, amekataa, anasema nataka kumvua nguo mbele ya watu, wakijua goti limekwisha ukapteni watampa yule mwenye duka la vipuri, na eti dada akichoka atapanda gari la mizigo. Gari la mizigo litatangulia na mabegi ili tukifika chai iwe tayari, yeye mwenyewe ndiye aliyepanga hivyo. Nilipomkumbusha, akasema nikilitoa neno hili nje ya nyumba hii nitafute pa kulala. Tunaondoka mwisho wa mwezi. Juzi dada alikuja kuniuliza avae kofia ipi, nyekundu au nyeupe, nikamwambia nyekundu. Nifanyeje, mshauri, nimwokoe dada yangu bila kuvunja ndoa yangu, na bila kumnyang'anya furaha yake?

Ni mimi,
Mke wa Kapteni

Mke wa Kapteni,

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kujua jambo la hatari peke yako ndani ya nyumba yako mwenyewe ni mzigo, na unaonekana umeubeba mpaka shingo imekakamaa. Sasa nivumilie, maana pole imeishia hapo.

Habari ya gia niliwasomea wenzangu hapa ofisini, tukacheka kama ulivyocheka. Halafu mmoja akauliza, huyo dada anajua? Hakuna aliyecheka tena.

Mumeo namwelewa kidogo. Mwanamume aliyezoea kutangulia, goti likimwambia basi, anaona aibu, na aibu humfanya mtu mzima aseme upuuzi. Angeishia kuwadanganya wenye vitambi ningekuambia mtaniane nalo mkiwa wazee. Lakini huyu bwana alitoka nyumbani kwake, akabisha hodi kwa mgonjwa wa moyo, akampelekea neno lilelile ambalo daktari alilihitaji. Daktari alisema mahali pa sawasawa, yeye akasema tambarare, na alipokuwa akilisema alijua fika kwamba hakuiendesha njia ile hata nusu. Usiniambie alikosea. Goti halikumtuma kule.

Na wewe je? Umenijazia karatasi kwa uongo wa mumeo, kisha dada yako akaja kwako na swali la kofia ukamchagulia rangi. Siku hiyo mlikuwa wawili mnaomdanganya, na wewe ndiye unayejua habari za malori. Eti atasema ni wivu. Na aseme. Utakufa kwa kuitwa mwenye wivu?

Sikiliza. Leo hii, ukishasoma gazeti hili, nenda kwa dada yako. Usimpigie simu, nenda. Usianze na "nilikwambia", maana hukumwambia. Ulimwambia safari si yake, na hilo si sawa na kumwambia kweli. Mweleze teksi, mweleze gia, mweleze maneno ya yule mama wa nyumba ya wageni kama alivyoyasema. Akikufokea kaa kimya, akikufukuza kaa mlangoni. Usimuage mumeo kwanza wala usimwombe ruhusa. Nafasi ya kusema alipewa, akaitumia kukutisha.

Ukirudi nyumbani mwambie dada anajua, na kwamba Jumamosi, kabla baiskeli hazijatoka, yeye atawaambia wenzake kuhusu goti na teksi. Akikataa utawaambia wewe, kwa maneno machache, bila kumwigiza na bila habari za povu. Hawa ni watu watakaopanda mlima kwa imani yao kwake. Wana haki ya kujua alipandaje. Kama ukapteni utakwenda kwa mwenye duka la vipuri, na uende.

Safari iahirishwe. Njia ikakaguliwe upya, kwa baiskeli kama sheria yenu inavyotaka, na mkaguzi awe wewe. Mtu anayefunga matairi kwa mikono yake ana haja gani ya kusubiri mwanamume amletee habari za barabara? Huko uendako tafuta kipande kilicho cha sawasawa kweli, hata kiwe kifupi, ukamweleze daktari wa dada yako, daktari ndiye aseme ndiyo au hapana. Pasipoti yake haitachacha. Furaha unayoogopa kumnyang'anya imejengwa juu ya mlima asioujua, na akiujua akiwa katikati yake, kwenye jua, gari la mizigo limeshafika mbele linachemsha chai, hutakuwa na la kumwambia.

Kuhusu ndoa, sitakudanganya na mimi. Sijui kama itapona. Mume anayekuambia utafute pa kulala kwa sababu umetaka kumlinda ndugu yako amekuonyesha bei yako kwake, na hilo mtalizungumza wawili, baadaye, dada akiwa salama. Huenda akatubu. Wapo wanaotubu. Lakini usiliweke hilo mbele ya lile la leo.

Naona unaogopa utalala wapi akikufukuza. Utalala kwa dada yako, kama ulivyolala kwake mama yenu alipofariki. Sasa nami nikuulize: ukinyamaza, akabaki kwenye mlima ule, siku mumeo akikufukuza kwa jingine, utakwenda kwa nani?