Kichwa cha Chewa Upande wa Ukutani

Jumatano, Wawi. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri. Majirani wameanika karafuu, wameanua, wameanika tena, mpaka wameanza kuisemesha mbingu kama inayowadai. Mimi mwaka huu sina karafuu. Nina mume.

Ndiyo, mume. Mnaonisoma tangu zamani mnajua kwamba mimi skuli hata mlango wake sikuugusa. Simu hii naisemea na yenyewe inaandika, ikikosea mgombeni yeye. Leo naisemea polepole.

Nimeolewa Ijumaa iliyopita. Mzee Hamad, seremala wa Wete, mgane, mtu wa sauti ndogo na mikono mikubwa. Binti yangu Maryam aliposikia alikuja mbio kutoka Chake, hata mtandio hajautengeneza vizuri kichwani. "Mama, umri wako huu, mwanamme wa nini?" Nikamwambia nataka mtu wa kunambia chai imepoa. Wewe uko kwako, mnavutana shuka na mumeo, mimi huku nazungumza na kuku. Akacheka. Halafu akalia. Halafu akauliza lile ambalo ndugu zake wanaliuliza kwa macho tu.

"Na baba je?"

Baba yake ni marehemu Faki. Alikufa zamani. Eda nimekaa yote, hitima imesomwa, nguo zake zimetolewa sadaka, hata kofia yake ya Idi anaivaa mtu mwingine huko Mungu anakojua. Kila anachofanyiwa maiti ameshafanyiwa.

Sasa sijui kwa nini hajaondoka.

Siku hizi zote Mzee Hamad alikuwa akifunga mambo yake Wete, na leo ndiyo kahamia kwangu. Nikampelekea salamu: asitie kitu tumboni njiani, chakula chake cha kwanza katika nyumba hii nitapika mimi kwa mikono yangu. Maryam alitaka kuja kunisaidia nikamkatalia. Mke mpya hupika mwenyewe, hata akiwa kizee asiye na magego.

Na asubuhi, nasugua sufuria, nikajiambia wazi: Raya, leo ukishindwa kumlisha mtu huyu kama mume wako, mwambie arudi kwake. Usimweke ndani kama mgeni asiyekwisha. Mzee mzima hachezewi.

Nikenda sokoni nikamchagua chewa mwenyewe. Muuzaji akanyanyua panga, nikamwambia, ebo, hicho kichwa usikiguse, nakitaka kizima. Akanitania, "Bi Raya, leo kuna nini kwako?" Nikamwambia kuna lisilokuhusu.

Kwetu kichwa cha samaki ni cha mume. Mke hukivunja kwa vidole, akaitoa ile nyama ya shavuni, akamsogezea mumewe upande wake wa sinia. Hafundishwi mtu. Nilimwona mama akifanya, na mama alimwona mamake. Kwa Faki mimi nilikula mkia maisha yangu yote ya ndoa, na wala sikujiona nimepunjwa.

Basi nikakaa kwenye mbuzi, nakuna nazi. Mvua imetulia kidogo. Hapo ndipo nikakisikia kikohozi.

Faki hakuwa mtu wa hodi nyumbani kwake. Akifika barazani hukohoa kikohozi kimoja kikavu, kama mtu anayekata kijiti, nami hujua nipakue. Kikohozi cha jirani nakijua, kina makohozi. Hiki kilikuwa kikavu. Mdomo wangu ukasema "karibu" kabla akili haijafika, na ile mbuzi ikanichana kidole.

Nikatoka barazani kutazama. Kuku wawili wamejikunyata, na ndoo inapokea matone. Hapana mtu. Nikasoma nilichojaaliwa kukijua, nikafunga kidole kitambaa, nikarudi kukuna. Ningefanya nini? Nazi ilishafika nusu.

Lakini kuanzia hapo sikuwa peke yangu jikoni. Sijui niseme vipi mnielewe. Sikuona kitu, sikuguswa. Ni kule kupika huku ukijua kuna mtu nyuma yako anangojea, nawe mgongo wako umeshamzoea.

Mchuzi ulipochemka nikautia kiganjani, nikauonja. Nikasimama pale pale.

Ulikuwa mchuzi wa Faki.

Embe mbichi tele, mpaka unafumba jicho moja. Pilipili nzima nzima, hazikupasuliwa. Tui zito limetiwa mwisho kabisa, moto umeshapunguzwa. Hakuna mwingine duniani aliyeupenda mchuzi hivyo, hata wanangu walikuwa wakiukimbia. Mikono ilipika yenyewe, mimi sikuulizwa. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba Mzee Hamad sijui anapenda nini. Nilipomuuliza siku aliyoniposa alisema chochote, nami nikaridhika na jibu hilo. Nimeolewa na mtu, sijui ulimi wake.

Kumwaga chakula ni dhambi. Nikaufunika.

Alifika baada ya Magharibi, akapiga hodi zake zote tatu kama karani wa sheha. Mkono mmoja mkoba, mkono mmoja kifurushi cha halua.

"Bi Raya, harufu hii imenipokea tangu barabarani. Nilidhani nimepotea, nimeingia nyumba ya harusi."

"Ni nyumba ya harusi, we mzee. Bibi harusi ndiye mimi. Vua viatu."

Akacheka kile kicheko chake cha kuona haya. Akauweka mkoba mlangoni, akakaa pale karibu na mlango, kwenye mwanga. Hakujua, maskini, na mimi sikumwelekeza. Faki alikuwa akikaa ndani zaidi, mgongo ukutani, uso kwenye mlango, amwone kila anayeingia. Upande ule nilimtandikia mkeka kila siku ya Mungu. Na leo niliutandika pia, bila ya kujua kwamba nautandika.

Nikaleta sinia. Wali wa nazi umepaliwa moto juu, umechambuka punje punje, mchuzi, na chewa amelala katikati na kichwa chake. Bismillahi. Mzee Hamad akala vizuri. Akanihadithia habari ya mbuzi aliyepandishwa gari moja naye, akatafuna ukili wa mkoba wa mwalimu mmoja njia nzima na mwenyewe amelala. Nikacheka mpaka nikashika ubavu. Wallahi nilicheka. Nikasema moyoni, basi, imewezekana, mbona rahisi.

Na katika kucheka kule mkono wangu ukaenda. Ukakivunja kichwa, ukaitoa nyama ya shavu, ukalisogeza fungu lote upande wa ukutani, mbele ya mkeka usio na mtu.

Nikasema na yale maneno ya kila siku: "Kula, kisije kikapoa."



Mkono wa Mzee Hamad ulikuwa ndani ya wali, haupandi haushuki. Akakitazama kichwa. Akautazama mkeka. Akaniambia taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa:

"Bi Raya. Hapo hapana mtu."

Ningeweza kusema nimepitiwa. Ningeweza kusema macho yangu na taa hii. Mwanamke ana uongo wa namna mia wa kutumia penye sinia. Lakini nilikuwa nimeshajiapia asubuhi.

"Pana," nikasema.

Akavipangusa vidole vyake kwenye ukingo wa sinia, kimoja kimoja.

"Mimi nimeoa mjane, Bi Raya. Sikuoa mke wa mtu."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningemjibu, majibu ninayo mengi. Akainuka, akanawa, akavaa kofia, akasema anakwenda kusali Isha. Mkoba wake akauacha pale mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Nikautazama ule mkoba na sikujua unasema anarudi au unasema amesahau.

Nikabaki mimi na sinia. Na yeye.

Sasa nikamgeukia. Sikuogopa, nilikasirika. Nikamwambia: Faki, nimekulisha mzima, nimekulisha mgonjwa kwa kijiko kama mtoto, nimekutia wanja wa kwenda kaburini huku macho yangu haya yanalia. Nimekuombea katika kila sala. Kama ni dua, unayo, na kama ni mapenzi, unayo bado, sijakunyang'anya. Wali wangu unautakia nini? Huna tumbo!

Nje watu wanapita kwenda msikitini. Kichwa cha chewa kimelala upande wake, kinapoa.

Basi nikahama. Nikazunguka sinia nikenda nikakaa pale pale, mgongo ukutani, mahali ambapo sijapata kukaa tangu niletwe nyumba hii nikiwa mwari. Nilidhani patakuwa baridi, au nitamkalia mtu. Ulikuwa mkeka. Na kutoka hapo unauona mlango wote, na njia, mpaka kwa jirani. Kumbe ndiyo maana alikuwa akijua habari zote.

Nikakivuta kichwa, nikakila.

Mashavu, ubongo, ile nyama laini nyuma ya jicho, nikayafyonza na macho yenyewe. Kitamu. Kitamu kuliko samaki wote waliobaki. Miaka yote ile, Faki, hata siku moja hukunambia, "Raya, onja"? Na mimi mjinga, sikuiba hata kipande? Nikalia huku nina mwiba mdomoni, jambo ambalo simshauri mtu.

Mzee Hamad aliporudi alinikuta hapo, kanga imeloa, vidole vinang'ara mafuta. Akasimama kwenye kizingiti, mkoba uko kati ya miguu yake.

"Kichwa kiko wapi?"

"Nimekila."

"Chote?"

"Na macho."

Nikaona midomo yake inapigana isicheke. "Na mwenyewe," akanyoosha kidevu ukutani, "hakukasirika?"

"Akikasirika shauri yake. Nisikilize, Mzee Hamad. Sitakudanganya kwamba ameondoka. Sijui ataondoka lini, na sijui kama nataka aondoke. Lakini kulishwa amekwisha. Kuanzia usiku huu anayekula katika nyumba hii ni mwenye mdomo. Ukiweza kukaa hivyo, ingiza mkoba. Ukiona huwezi, sema, nikufungie wali wa njiani, na halua yako utairudisha."

Akautazama mkoba. Nilijua akiinama na kuugeuza mkoba upande wa nje, sitamwita. Sina ulimi wa kuwaita watu warudi.

"Ule mchuzi," akasema mwisho, "una embe nyingi mno. Mimi mtu wa ukwaju."

Akaupitisha mkoba juu ya kizingiti, akenda nao chumbani.

Sasa nimekaa hapa ukumbini, sinia sijaliosha, naisemea simu hii. Nimeukunja mkeka wa ukutani, nimeusimamisha pembeni. Sijauondosha. Sitaki kusema uongo hata kwenu: kila nikinyamaza, naisikia ile pembe ya ukumbi inanyamaza na mimi.

Na sikufikiria mbele ya sinia. Nilidhani kazi ni chakula. Nyumba nzima ina pande zake: kitanda kina upande, kata ya maji ina mkono wake, hata kivuli cha taa kina mtu wake. Vyote hivyo nitavila kama nilivyokila kichwa?

Kuna sauti. Ananiita huko ndani. Hasemi Bi Raya, anasema Raya tupu.

Kwetu mke akiitwa na mumewe huitika labeka. Wanangu nawaitika "nini," majirani "nani huyo." Labeka nilikuwa nayo moja, nikaizika na mwenyewe, na sikuwa nikiihitaji.

Ameita tena.

Labeka, nimesema. Imetoka nyembamba, imekwaruza, lakini ni sauti yangu, na aliyenyamaza kuisikiliza ni mtu aliye hai. Ngoja niende nikaone anataka nini.