Mita Sita za Mke wa Kamanda

Dada Masika,

Habari za Butembo? Huku Lubumbashi mvua haikatiki na wanajeshi wameasi, wanapora maduka. Jana kamanda wao aliingia dukani kwa shangazi, akataka apewe bure mita sita za kitenge, zawadi ya mke wake. Shangazi akampimia yadi sita bila kupepesa macho, maana yadi ni fupi kuliko mita. Leo mke huyo, ambaye ni fundi wa kushona, alikuja nacho mkononi.

"Mama, hii haifike mita sita," akasema.

Kisha akakikunja tena, akaendelea:

"Mimi sipendi bintu bya kunyang'anya. Bwana yangu akirudia, umupimie na futi."

Shangazi anakusalimu, bado anacheka peke yake. Mungu awalinde, unibusie watoto.

Mdogo wako,
Kavira