Sufuria ya Skolastika isiyo na masizi

Mfaume rafiki yangu, acha hiyo kazi usome ujumbe huu. Nimeaibika mbele ya kijiji kizima.

Leo watu wa mradi wamegawa yale majiko banifu, ya kuni chache na moshi kidogo. Gesi inatoka hapo kisiwani Songo Songo, sisi majirani wa Miteja tunaletewa jiko la kuni, na tupige makofi!

Wakasema kila mtu aje na sufuria anayopikia, ndiyo achague jiko la saizi yake. Nikabeba ile kubwa ya marehemu Skolastika.

Binti mtaalamu wa hayo majiko akaipindua. Chini inang'aa vile Skolastika alivyoisugua, haina hata masizi. Ndani buibui kajenga.

"Mzee, hii umepikia lini?"

Na mimi ndiye niliyepiga kelele kila mkutano kwamba moshi unaniua! Mwenyekiti wa kijiji ndiye akaanza kucheka. "Kumbe Ignasi moshi wako wa mdomoni! Kata jina lake, apewe mwenye kupika."

Apewe mwenye kupika! Anasema hivyo mtu aliyekuwa anakula ugali wa Skolastika kila Jumapili!

Nikamwambia, "Tangu nimzike mke wangu sijawasha moto, mwaka wa pili huu. Nakula kwa majirani. Haya, kata."

Binti akanisogezea jiko dogo. "Chukua baba. Hili ni la mtu mmoja."

La mtu mmoja, Mfaume.

Sasa liko mbele yangu. Sufuria imelizidi, lakini nyingine sitaki. Kuni zimeshika, maji yanachemka. Unga natia sasa hivi au nasubiri kwanza? Jibu haraka.